Hii Kazi ni ya Nani? Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Kitengela na Kajiado

Mwaka 2021 mitandao ya kijamii nchini Kenya ilijaa picha za sanamu za kutishia ndege. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamepewa kazi hiyo katika somo la kilimo, chini ya mtaala wa umilisi ambao wengi huuita CBC tu, na sanamu zikatoka za kila namna: zenye kofia ya baba, zenye shati la kazini, nyingine zikiwa nadhifu kuliko mwenye shamba. Watu walicheka sana. Lakini mara nyingi aliyeshika nyundo alikuwa mzazi, na mtoto kasimama kando kama mgeni mwalikwa.

Kitengela inaujua mchezo huo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 katika mji huu, na wengi wao hupanda matatu kabla ya jua kuchomoza, wakielekea Nairobi, Athi River au viwanda vya EPZ. Wanarudi usiku. Pitia saiba yoyote karibu na Barabara ya Namanga saa mbili usiku, muhula ukiwa umepamba moto, utamkuta mama bado ana mkoba wa kazini begani akichapisha picha za wanyama wa nyumbani, na baba kando yake akiulizia manila na gundi. Mtoto amelala. Kesho kazi itafika darasani ikiwa safi, mwalimu atatoa alama, na aliyejifunza kukata manila ni mama.

Alama hizo si za mapambo. Katika utaratibu wa sasa wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho wa sekondari msingi, mtihani wa Gredi ya 6 huchangia asilimia 20 nyingine, na mtihani wa mwisho, KJSEA, asilimia 60. Mzazi anayemfanyia mtoto mradi anaingiza mkono wake katika hesabu hiyo, kisha anashangaa mtoto anapokwama mbele ya karatasi ya mtihani ambayo mama haruhusiwi kuigusa.

Miaka kumi hivi kabla ya picha zile, kulikuwa na sanamu nyingine iliyosimamishwa si mbali na Kitengela, na hiyo ilijengwa na mtoto. Richard Turere aliishi Empakasi, ukingoni mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, upande wa kusini ambako mbuga haina ua. Pundamilia hutoka kufuata malisho, simba huwafuata, na simba akishatoka huona kwamba ng'ombe aliye zizini hana mbio kama pundamilia. Ng'ombe wa baba yake walikuwa mikononi mwa Turere, kama ilivyo desturi kwa wavulana wa Kimaasai. Alijaribu kuwafukuza simba kwa moto, akagundua kwamba mwanga ule unawasaidia kuona ndani ya zizi. Akaweka sanamu. Usiku wa kwanza simba walikuja, wakaiona, wakarudi walikotoka. Usiku wa pili waliona haijasogea hata hatua moja, wakaingia na kuua.

Kisha usiku mmoja akawa anazunguka zizi na tochi, na simba hawakuja. Akajua kinachowatisha ni mwanga unaotembea. Alikuwa amejifunza umeme kwa kufungua vifaa, ikiwamo redio mpya ya mama yake, jambo lililomletea balaa la kutosha nyumbani. Basi akaokoteza betri kuukuu ya gari, kifaa cha kuwashia indiketa za pikipiki, swichi, na balbu za tochi mbovu, akaongeza paneli ya sola ya kuchaji betri. Taa zikatazama nje ya zizi, zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu kana kwamba kuna mtu anayezunguka. Alikuwa na umri wa miaka 11 hivi. Majirani wakamwomba awafungie na wao. Akapata ufadhili wa kusoma Brookhouse, Nairobi, na mwaka 2013 akasimama kwenye jukwaa la TED huko California kueleza kazi yake.

Kisa hiki husimuliwa kama cha kipaji, na msikilizaji huondoka akijiambia kwamba wake nyumbani hakujaliwa. Kuna namna nyingine ya kukisoma. Ng'ombe walikuwa jukumu la Turere kweli, si la mazoezi. Sanamu iliposhindwa, hakuna mtu mzima aliyekuja kumjengea nyingine bora. Na matokeo aliyaona mwenyewe asubuhi, bila kusubiri ripoti ya mwisho wa muhula. Mambo hayo matatu ndiyo yanayokosekana katika kazi nyingi za shule.

Na hakuna aliyemtupia mtoto wa Kimaasai kundi zima siku moja. Huanza na ndama na wana-mbuzi karibu na boma, mahali ambapo mama anaweza kupaza sauti akasikika. Akiweza, hupewa mbuzi na kondoo, kisha ng'ombe, kisha malisho ya mbali. Jioni mzee husimama langoni akitazama mifugo inavyoingia, na anajua kwa rangi na pembe ni yupi hajarudi. Shule zetu hufanya kinyume. Mwanafunzi huamriwa kuanzia kengele ya alfajiri hadi taa zinapozimwa, miaka kumi na miwili mfululizo, halafu anafika chuoni anaambiwa sasa ajitegemee.

Anza na kipande kidogo

Chagua jambo moja tu. Kwa mtoto wa Gredi ya 4 linaweza kuwa mkoba: yeye ndiye anayeupanga usiku kwa kufuata ratiba, na daftari likisahaulika hakuna bodaboda itakayotumwa kulipeleka shuleni. Kwa wa Gredi ya 6, iwe saa ya kuanza kazi ya nyumbani. Kwa wa Gredi ya 8, mpango mzima wa kudurusu wa wiki. Ukishalikabidhi, usilinyang'anye siku ya tatu kwa sababu limefanywa vibaya. Litafanywa vibaya. Mwandikie mwalimu ujumbe mfupi mapema kwamba kuanzia wiki hii kazi zitafika kama mtoto alivyozifanya mwenyewe, ili asidhani nyumba imemtelekeza.

Mpango wa wiki uandikwe Jumapili jioni, kwenye karatasi moja, kwa mwandiko wa mtoto, ubandikwe mahali anapopaona. Jambo la kuangalia ni jinsi anavyoandika. "Jumatatu: hisabati" si mpango, ni nia njema. "Jumatatu saa kumi na mbili na nusu: sehemu, swali la 5 hadi la 10" huo ni mpango, kwa sababu saa moja na robo mtu yeyote anaweza kuona kama umetimia. Mtoto wa miaka kumi hajui kukadiria muda. Ataandika kazi nane kwa jioni moja, atamaliza mbili. Mwache. Jumapili ijayo ataandika nne, na hapo amejifunza jambo ambalo hata watu wazima wengi wa maofisini hawajalijua.

Mzazi anayefika nyumbani saa tatu usiku hana muda wa kukagua madaftari saba, na hahitaji. Maswali mawili yanatosha wakati wa chakula: "Leo ulikwama wapi?" na "Ulipokwama ulifanya nini?" Linganisha na swali lililozoeleka, "Umemaliza homuwaki?", ambalo jibu lake ni ndiyo hata kama daftari halijafunguliwa. Swali la kukwama halijibiki kwa ndiyo. Mtoto akisema hakukwama popote, ama kazi ilikuwa rahisi mno, ama hakuifanya.

Msaidizi wa nyumbani asisahauliwe. Katika nyumba nyingi za mitaa ya Acacia na Milimani mjini Kitengela, yeye ndiye mtu mzima pekee kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku, na mara nyingi hulaumiwa kwa masomo ambayo hakupewa mamlaka yoyote juu yake. Karatasi ukutani humpunguzia mzigo. Hahitaji kujua sehemu wala desimali, anauliza tu, "Karatasi yako inasemaje?" Mtoto akimjibu, "Bado, anti," anakuwa amejihukumu mwenyewe.

Kuhusu kukwama, wekeni sharti linalojulikana: kwanza ajaribu mwenyewe robo saa, kisha arudi kwenye kitabu na mifano ya darasani, kisha aulize mwenzake, ndipo aje kwako. Akija, usichukue kalamu. Mwambie akueleze swali linataka nini kwa maneno yake. Mara nyingi atalipata jibu akiwa katikati ya maelezo, na atakuacha kwenye mataa bila hata asante.

Kuna adui mmoja wa kimya: kikundi cha WhatsApp cha darasa. Siku hizi walimu wengi hutuma kazi ya nyumbani moja kwa moja kwenye simu za wazazi. Nia ni nzuri, lakini matokeo yake ni kwamba mama aliye kwenye foleni Mlolongo anaijua kazi kabla ya mtoto aliyekuwa darasani, na mtoto hana sababu ya kuiandika popote. Walimu wanaweza kukitumia kikundi kwa ada, mikutano na dharura, na kazi ikabaki kwenye daftari la mwanafunzi. Wiki mbili za kwanza zitakuwa na vurugu.

Halafu tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na kanuni zake za 2015 zinasema masomo ya darasani yaishe saa tisa na nusu alasiri, huku prepu ya shule za bweni ikiwa kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu usiku. Kila mtu anajua kinachotendeka. Ubaya wa tuisheni isiyoisha hauko kwenye ada pekee. Mtoto anayetoka kwa mwalimu mmoja kwenda kwa mwingine hana saa moja ya siku ambayo ni yake kuipanga, na mtu hawezi kujifunza kupanga saa asizo nazo.

Namna ya kusoma hufundishwa

Mwanafunzi akiambiwa "nenda ukasome", kwa kawaida hufungua daftari na kuyapitia maandishi tena na tena, pengine akipiga mistari kwa kalamu ya rangi. Anahisi anajua kwa sababu maneno yamekuwa na sura anayoitambua. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Wengine walikisoma tena; wengine walikifunika wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipima mbinu kumi za kusomea. Kujipima na kuyatawanya masomo katika siku tofauti ndizo zilizoshika nafasi ya juu, kupiga mistari na kurudia kusoma zikabaki chini.

Kwa hiyo prepu iwe na daftari lililofungwa. Dakika kumi za kusoma, kisha funga, andika unachokumbuka, fungua, weka alama nyekundu kwenye ulichosahau. Kesho anza na hizo nyekundu. Hakuna kifaa cha kununua hapa, na mwalimu wa zamu anaweza kuona kwa kutembea tu kati ya madawati nani anasoma na nani anageuza kurasa.

Daftari la makosa ni jirani wa mbinu hiyo. Mwanafunzi akirudishiwa karatasi, huchagua makosa mawili au matatu, si yote. Tuseme aliandika robo tatu jumlisha mbili ya tano ni tano ya tisa. Kwenye daftari anaandika mstari wa kwanza alichofanya: alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mstari wa pili, kwa nini haiwezekani: tano ya tisa ni ndogo kuliko robo tatu aliyoanza nayo, na kujumlisha hakupunguzi. Mstari wa tatu, njia sahihi: kumi na tano ya ishirini jumlisha nane ya ishirini, yaani moja na tatu ya ishirini. Kisha anajitungia swali lake la aina hiyo hiyo. Mstari wa pili ndio wenye thamani. Wengi watauruka wakiruhusiwa, kwa hiyo mwalimu aukague huo tu.

Kuna jambo la lugha ambalo halisemwi vya kutosha. Utafiti uliofanywa na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin huko magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba kugawa vitabu vya kiada hakukuinua wastani wa alama za darasa. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao. Mtoto wa Il Bissil au Mashuuru anayeambiwa ajisomee kitabu asichokielewa hajakabidhiwa chochote. Aeleze kwanza kwa Kimaasai au Kiswahili, aelewe, ndipo aandike kwa lugha ya mtihani. Mwalimu anayemtoza mtoto faini kwa kunong'ona Kimaasai akiwa kwenye kikundi anamnyang'anya kifaa cha kazi.

Darasani, sauti ni ya nani?

Kaunti ya Kajiado ina historia ya fahari katika kuwapa wanafunzi sauti. Shule ya msingi ya wasichana ya AIC Kajiado, ikiongozwa na Priscilla Nangurai, ilijulikana kwa kuwakinga wasichana wa Kimaasai dhidi ya ndoa za mapema na kuwarudisha darasani, na mwaka 1999 FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana lenye makao yake Nairobi, liliifanya kituo chake cha ubora. FAWE hiyo hiyo ndiyo iliyoieneza barani Afrika mbinu iliyozaliwa Tanzania mwaka 1996, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mikononi mwa Penina Mlama na Amandina Lihamba: Tuseme. Wanafunzi huyataja matatizo yanayowazuia kusoma, huchimba chanzo chake, huyaigiza mbele ya wenzao na walimu, kisha mjadala unafuata na hatua zinachukuliwa. Waanzilishi walikuwa watu wa maigizo, na inaonekana: msichana asiyethubutu kumwambia mwalimu kitu usoni anaweza kukisema akiwa amevaa uhusika wa mtu mwingine.

Darasa lolote linaweza kuazima kiini cha mbinu hiyo bila jukwaa. Ijumaa, nusu saa ya mwisho, swali moja ubaoni: wiki hii ni kitu gani kilituzuia kujifunza? Usishangae likija la vitabu. Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu moja kwa moja shuleni kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na chake, lakini bado kuna shule ambako vimefungiwa kabatini visije vikapotea. Wanafunzi waulizwe: sisi tunaweza kufanya nini kabla ya Jumatatu? Pengine watapendekeza rejista ya kuazima, na mwenzao mmoja aishike. Hapo mwalimu mkuu ana la kufikiria. Likitajwa tatizo wasiloweza kulitatua, kama choo kibovu, mwalimu alibebe na arudi na jibu Ijumaa inayofuata, hata kama jibu ni hapana. Asiporudi na jibu mara mbili, mazungumzo yatakufa, na yatakuwa yameuawa na mwalimu.

Mabaraza ya wanafunzi ya kuchaguliwa, yaliyoanza mwaka 2009 katika sekondari za Kenya kuchukua nafasi ya viranja walioteuliwa na walimu, yalilenga huko huko. Mengi yamebaki kuwa viranja kwa jina jipya, wakiandika majina ya wapiga kelele.

Mfano unaotia moyo zaidi uko Njoro, Kaunti ya Nakuru. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa hisabati na fizikia, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019 akifundisha Keriko, sekondari ya kutwa yenye kompyuta moja. Wanafunzi wake walitengeneza kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, wakatumia mimea ya eneo lao kuzalisha umeme. Kinachopuuzwa katika sifa zake ni kazi isiyopigwa picha: yeye na walimu wenzake walikuwa wakiwafundisha wanafunzi waliolegalega mmoja mmoja, na kuwatembelea nyumbani wikendi. Anayetaka wanafunzi wajisimamie ajiandae kufanya kazi zaidi, angalau mwaka wa kwanza.

Gredi ya Tisa na uamuzi wa kwanza mkubwa

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia Gredi ya 10, sekondari pevu, wakigawanyika katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kila mmoja anasoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, hisabati na huduma kwa jamii, kisha anachagua masomo mengine matatu kulingana na mkondo wake. Ni uamuzi mzito kwa mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, na ndiyo sababu wazazi wengi huufanya wao.

Njia bora ni kumtaka alete hoja. Mpe muhula mmoja. Aandike ukurasa mmoja: masomo matatu anayoyataka, alama zake za mihula miwili iliyopita katika masomo hayo, kazi zinazotokana nayo, na majina ya watu wawili aliowahoji wanaofanya kazi hizo. Kajiado haina uhaba wa watu wa kuhojiwa. Kuna mafundi na wanakemia wa kiwanda cha magadi cha Magadi, wasimamizi wa mashamba ya maua ya Isinya, waelekezi wa watalii wa Amboseli, walimu wa chuo cha ufundi cha Masai pale Kajiado mjini. Akirudi na ukurasa huo, msikilize mpaka mwisho kabla ya kusema neno "daktari". Ukimkatalia, mkatalie kwa hoja iliyo kwenye ukurasa, kwa mfano alama za hisabati zisizolingana na mkondo anaoutaka, si kwa sababu ya jina la shule utakalolitaja kanisani.

Asiye na taa

Yote haya yanadhani mtoto ameshiba, ana mahali pa kukaa, na yupo shuleni. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi, na watoto wa wafugaji walihama na mifugo iliyobaki. Kumwambia mtoto wa namna hiyo awajibike ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo, naye tayari anawajibika kuliko wengi waliomzidi umri. Mwalimu anaweza kumpa kitu cha kubeba: daftari moja lenye maswali ishirini yaliyopangwa kutoka rahisi hadi gumu, majibu yakiwa nyuma, na ahadi kwamba akirudi ataanzia alipoishia badala ya kurudishwa mwanzo. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi, wanafunzi wengi walijibu maswali na kuwauliza walimu kwa ujumbe mfupi kupitia Shupavu 291, huduma iliyofanya kazi hata kwenye kabambe. Simu ya namna hiyo ipo katika maboma mengi, na mwalimu aliye tayari kutuma swali moja kila Jumatano hahitaji mradi wa mfadhili.

Kwa wengine wote, tarajia mpango kuyumba karibu na wiki ya nne. Shauku ya mwanzo imeisha, mechi za shule zimeanza, na karatasi ukutani ina alama za vema za wiki iliyopita tu. Hapo ndipo mzazi hunyakua kila kitu tena, anakagua mkoba, anapiga simu shuleni, anarudi saiba. Afadhali apunguze. Kama karatasi ilikuwa na kazi sita, iwe na mbili, na mtoto ndiye achague zipi mbili, akiandika saa kando ya kila moja. Mwalimu wa darasa aambiwe zimebaki mbili. Ijumaa zikitimia, ya tatu irudi.